Kidole Gumba Hakingoji Machozi Yakauke

Baba alizikwa Butere siku ya Jumamosi, saa sita mchana. Kwangu Dallas ilikuwa saa kumi alfajiri na nilikuwa zamu. Kazi yangu ni ya usiku, katika makao ya kutunzia wazee: kuwageuza waliolala wasije wakafanya vidonda, kubadilisha shuka, kupima presha, kumshika mkono anayetaka kwenda msalani. Makaratasi yangu ya uhamiaji yalikuwa hayajakamilika, na mtu wa hali hiyo akishatoka Marekani, kurudi ni majaliwa. Basi mazishi niliyatazama kwenye simu, nimejifungia katika chumba cha mapumziko, picha ikikwama kila binamu yangu aliposogea kutafuta kivuli. Mahubiri yote yalinipita. Nilichokiona vizuri ni koleo, udongo mwekundu, na viatu vya mtu nisiyemjua.

Wakenya wa Dallas hawakuniacha. Walichanga, walileta chapati na kuku, walikaa nami mpaka usiku wa manane, na kila nikikumbuka nawaombea heri. Lakini maneno yao yalinichosha. Jikaze, wewe ndiye kifungua mimba. Mungu hakosei. Ameenda mahali pazuri. Huenda yote ni kweli. Shida ni kwamba kila neno lilinitaka niwe nimeshafika mahali fulani, nimekubali, nimeshukuru, nimeinuka, na mimi bado nilikuwa nimekaa pale pale na simu mkononi. Kitu cha kwanza ambacho hakikunitaka nifike popote kilikuwa mguno wa mzee mmoja wa chumba cha mwisho.

Tulimwita Dikoni, kwa kuwa alikuwa shemasi wa kanisa la Kibaptisti huko mashariki mwa Texas kabla miguu haijamkatalia. Mmarekani mweusi, mrefu, mgumu wa chakula. Uji wa asubuhi aliurudisha jikoni kila siku kwa kosa jipya. Vidole vyake vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi, na chini ya kitanda alikuwa na gita ndani ya sanduku lake, ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulisogeza hata wakati wa kupiga deki. Asubuhi ile niliingia kumgeuza kama kawaida. Akanitazama usoni, akauliza ni nani. Nikamwambia ni baba. Hakusema pole. Alifumba macho akaanza kuimba bila maneno, sauti ikitoka puani na kifuani, ikipanda kidogo, ikishuka sana, ikikatika mahali ambapo mtu angetegemea neno. Nilipanga mito yake kwa muda mrefu kuliko mito inavyohitaji, na yeye hakuacha mpaka nilipotoka.

Baadaye ndipo aliponieleza kwamba wimbo ule ni wa Blind Willie Johnson, mhubiri kipofu aliyezaliwa Texas mwaka 1897, na kwamba ulirekodiwa papa hapa Dallas, tarehe 3 Desemba 1927, na kampuni ya Columbia. Jina lake ni "Dark Was the Night, Cold Was the Ground", na limetoka katika tenzi ya zamani ya Kiingereza inayosimulia usiku wa Yesu Gethsemane. Tenzi ina beti. Santuri ya Johnson haina hata neno moja. Kuna gita lililokazwa nyuzi zake kwa namna ambayo zikipigwa wazi zinapatana zenyewe, kuna kitu kigumu kinachoteleza juu ya nyuzi hizo, na kuna mtu anayeguna. Gita likianza mstari, yeye anaumalizia. Yeye akianza, gita linammalizia.

Dikoni alisema makanisa yao ya zamani yaliimba hivyo. Vitabu vya nyimbo vilikuwa haba na wengi hawakufundishwa kusoma, kwa hiyo kiongozi alitanguliza mstari upesi upesi, kisha kanisa zima likauburura polepole, kila mtu na mapindo yake. Hilo mimi sikuhitaji kuelezwa sana. Nimekulia katika kanisa la Anglikana ambako nyanya wasiojua kusoma walishika vitabu vya tenzi mikononi, wengine wamevigeuza juu chini, wakimfuata mwenye sauti. Palipowapotea maneno, waliguna. Kwa masikio yangu ya utotoni, pale kwenye mguno ndipo palipokuwa pazuri kuliko pote.

Johnson alirekodi nyimbo 30 kati ya 1927 na 1930, kisha ule mporomoko mkubwa wa uchumi ukaiangusha biashara ya santuri na hakurudi tena studio. Aliendelea kuhubiri na kupiga gita mitaani. Mwaka 1945 nyumba yake mjini Beaumont iliungua. Yeye na mkewe walirudi kulala katika mabaki yake, kwenye matandiko yaliyolowa, na haukupita muda akafa. Cheti cha kifo kinataja malaria. Mtu wa Butere akisoma hapo lazima asome mara ya pili, kwa maana tumezoea kudhani huo ni ugonjwa wetu sisi. Kwa miaka mingi kaburi lake halikuwa na alama. Wakati huohuo mguno wake ulikuwa safarini: mwaka 1977 NASA ilirusha vyombo viwili vya Voyager, kila kimoja na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye sauti za dunia, na wimbo ule umo. Dikoni alipenda kulisema hilo kwa namna yake: "Angani wamempeleka, jiwe la kaburi wamesahau."

Wimbo wenyewe sikuweza kuupiga, na mpaka leo siwezi. Hauna mapigo ya kuhesabu. Unaelea. Kwa usiku wa kwanza wa msiba unatosha, kwa sababu mtu wa usiku wa kwanza naye hana mapigo. Lakini msiba una wiki ya tatu, una mwezi wa nne, wakati watu wamerudi makwao na wewe unatakiwa kuamka, kuoga na kwenda kazini. Hapo nilihitaji kitu chenye miguu, na nilikipata katika kidole gumba.

Siku moja Dikoni aliniambia nilivute gita lake nilifute vumbi. Nyuzi zilikuwa zimeota kutu, nikamnunulia nyingine, nikazifunga mbele yake huku akinikaripia kwa kila kigingi cha kukazia nyuzi nilichokigeuza vibaya. Nilipomaliza nikajaribu kidogo, bila kufikiri, kitu nilichokuwa nacho mkononi tangu utotoni. Akaniuliza nani alinifundisha kupiga kwa vidole viwili.

Alinifundisha baba mdogo, kwa siri. Kwetu magharibi mwa Kenya kuna mtindo uitwao omutibo, na bingwa wake alikuwa George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Omutibo unapigwa kwa gumba na kidole cha shahada tu. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, shahada inadonoa wimbo kwenye nyuzi nyembamba, na pembeni mtu mwingine anakwangua chupa ya Fanta yenye mifereji. Baba mdogo hakuwa na kibano cha kubania nyuzi cha kununua dukani. Alifunga kalamu ya risasi kwenye shingo ya gita kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na kalamu ikichakaa anachukua ya mtoto anayeenda shule. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, hakutaka chombo hicho kionekane kwake. Gita lilikuwa la vilabu vya busaa na disko matanga. Lilihifadhiwa kwa jirani.

Dikoni alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanitajia Reverend Gary Davis, ambaye sikuwahi kumsikia. Kipofu mwingine, tangu uchanga wake, aliyezaliwa Laurens, South Carolina, mwaka 1896. Alipiga gita mitaani Durham, akawekewa mikono kuwa mchungaji wa Kibaptisti katika miaka ya 1930, akahamia New York katika miaka ya 1940 na kuwa mhubiri wa vijia vya Harlem, kopo lake la sadaka likiwa karibu. Vijana wa kizungu waliopenda gita walimfuata nyumbani kwake kujifunza kwa dola chache, na baadhi yao, Stefan Grossman mmojawapo, wakaandika masomo yale yasipotee. Mwaka 1962 kundi la Peter, Paul and Mary lilirekodi wimbo wake wa Samsoni, na kutokana na mgao wake wa mauzo akanunua nyumba Queens. Gita lake aliliita Miss Gibson. Na gita hilo, lenye sauti ambayo ukiisikiliza umefumba macho utaapa ni watu watatu, alilipiga kwa gumba na kidole cha shahada.

Siendi kudai kwamba omutibo na bluzi za injili, yaani nyimbo za Mungu zilizopigwa kwa mtindo wa bluzi, muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi, ni ndugu wa tumbo moja. Nimesikia watu wakilisema hilo harakaharaka kwenye sherehe za Waafrika, na ni rahisi mno. Ninachokiona mimi ni mtu mmoja, gita moja, na hitaji la kuwa bendi nzima, huko na huku. Mkono una gumba moja tu, na kazi ya besi, ile sauti nzito ya chini, itaangukia hapo. Isitoshe, sauti zilikuwa zikisafiri tangu zamani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alirekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba "Chemirocha", yaani Jimmie Rodgers, mzungu wa Mississippi aliyejaa bluzi, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika Bonde la Ufa kabla yake Tracey. Wasichana wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu swara. Miaka miwili baadaye Tracey huyohuyo alimrekodi mpiga gita Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Kongo, ambayo leo ni Likasi, na mwaka 1969 Mwenda akapiga gita lake la vidole viwili kwenye tamasha la Newport, Marekani. Baba mdogo alikuwa akimtaja Mwenda kwa heshima ambayo hakuwapa hata machifu.

Sasa nieleze kile gumba linachofanya, kwa sababu faraja yote ninayoisema imekaa hapo. Chukua kodi ya E, yaani noti kadhaa zinazobanwa zilie pamoja (chord). Gumba linapiga uzi wa sita, halafu wa nne, halafu wa sita, halafu wa nne. Ni hivyo tu, wimbo mzima. Kiganja kinaegemea nyuzi nene karibu na mahali zinapofungiwa, ili sauti isirefuke, iwe mdundo mfupi mkavu. Ukishaweza, unaongeza shahada, ambayo haitakiwi kufuata gumba. Inaingia katikati ya hatua, inachelewa, inanyamaza, inarudi na maneno mawili. Mwanzoni vidole vinakataa. Shahada ikipotea, gumba nalo linasimama kuitafuta. Dikoni alikuwa amelala ameelekea ukutani, hanioni, na bado alijua. "Usimsubiri," alikuwa akisema. "Huyo atakuja. Wewe tembea." Ni kama mama anayetwanga mahindi huku akizozana na jirani: ugomvi unapanda, unashuka, mchi hauna habari.

Ndipo nikaanza kuelewa namna hizi nyimbo zinavyofariji, tofauti na zile pole. Davis ana wimbo alioupiga kwenye rekodi zake za 1960 unaosema waziwazi kwamba kifo hakina huruma: kinaingia nyumba yoyote, hakikai sana, na ukigeuka kutazama kitandani unakuta mwenzako hayupo. Hausemi ni mpango wa Mungu. Hausemi tutaonana. Mchungaji mzima, mwenye Biblia yote kichwani, ambaye mama yake alizaa watoto wanane na wengi wao wakafa wadogo, alikaa akaimba hivyo na hakulainisha. Ningeusikia wimbo huo kwa maneno matupu ningekata tamaa. Lakini chini ya maneno gumba linatembea, sita, nne, sita, nne. Sauti ya juu inasema yote yamekwisha, na mkono wa mtu yuleyule, kwa wakati uleule, haujakubali. Wala haubishi. Unaendelea tu. Nilikuwa nimeambiwa nichague: ama nilie, ama nijikaze. Hapa kulikuwa na mtu anayefanya yote mawili kwa mkono mmoja.

Kwa mwili pia lilinisaidia, kwa njia ya kawaida sana. Mtu anayejifunza gumba hawezi kuwaza kitu kingine. Kwa nusu saa kabla ya zamu nilikuwa na tatizo dogo lenye jibu. Ncha za vidole vya kushoto ziliuma, zikaota sugu, zikaacha kuuma, na hayo yalikuwa maendeleo ninayoweza kuyapapasa katika majira ambayo hakuna kingine kilichosonga.

Lakini muziki huu si wa kila mtu na sitaki kuuuza kama dawa. Mama mmoja wa chumba cha pili, mjane, alimtuma nesi aje aniambie niache ule mlio wa matanga, anataka televisheni. Alikuwa na haki. Mfanyakazi mwenzangu kutoka Nigeria, aliyefiwa na dada yake mwaka uleule, alisema yeye akisikia kipofu anaguna anazidi kuzama; anataka kwaya, ngoma, makofi, watu mia moja wanaruka. Na mimi mwenyewe kuna usiku nilimsikiliza Johnson peke yangu garini nikajuta, kwa kuwa hakunipandisha popote. Alinishusha akaniacha huko, na nilikuwa na kilomita nyingi za kuendesha. Siku hizi simsikilizi garini.

Jambo lililotugonganisha mimi na Dikoni lilikuwa bluzi zenyewe. Nyimbo za Mungu alizipokea kwa gita, kwa kisu, kwa chochote. Nikigusa kitu cha mapenzi au cha gongo siku ya Jumapili, anafunga macho na kujifanya amelala. Nilimwambia mkono ni uleule, kodi ni zilezile. Nikamkumbusha Thomas Dorsey, baba wa muziki wa injili wenyewe, ambaye miaka ya 1920 aliitwa Georgia Tom na kupiga nyimbo za matusi ya kufichaficha, na ambaye mwaka 1932, mkewe alipofia uzazini na mtoto akamfuata, alikaa kwenye piano akatunga "Precious Lord", ule wimbo Mahalia Jackson aliouimba kwenye mazishi ya Martin Luther King. Je, mikono ile ilikuwa ya nani? Dikoni akajibu kwamba Dorsey alitubu. Hapo mjadala ukaisha. Nilimsikia baba ndani ya jibu lile, sauti ya mtu anayejua lililo la kanisani na lililo la kilabuni, na kwa mara ya kwanza halikuniudhi. Walijenga ukuta huo kwa sababu waliona watu wakipotelea upande wa pili, na si wote waliorudi. Elizabeth Cotten wa North Carolina aliliacha gita akiwa kijana kwa ajili ya kanisa, akakaa miongo mingi, akalishika tena akiwa mfanyakazi wa ndani mwenye nywele nyeupe, na aina yake ya kupiga, ya mkono wa kushoto kwenye gita lililogeuzwa, leo inafundishwa kwa jina lake. Sijui kama nimfurahie kwa kurudi au nimlilie kwa miaka ile. Labda baba angesema alitii, na utii haukumpunguzia kitu.

Binti wa Dikoni alimhamishia Houston, karibu na nyumbani kwake, na gita likaenda naye. Mimi nikanunua langu kwenye duka la rehani. Ikiwa kuna msomaji anayetaka kuanza, asianze na gita la bei. Aanze na lile ambalo nyuzi zake haziko mbali na ubao, maana zikiwa juu utaumia ukakata tamaa kabla gumba halijajua njia. Wiki za mwanzo asiguse nyuzi nyembamba kabisa. Apige besi huku akizungumza na mtu, akijibu maswali, mpaka mkono usahauliwe. Akisikiliza, asianze na Davis, atavunjika moyo. Aanze na Mississippi John Hurt wa Avalon, aliyerekodi mwaka 1928, akasahaulika shambani, na kufuatwa mwaka 1963 na mtu aliyelitambua jina la kijiji hicho ndani ya wimbo wake. Hurt hana haraka na mtu. Alipiga za kanisani na za kilabuni kwa upole uleule, na gumba lake linasikika wazi kiasi cha kuhesabika.

Mwaka huu nimerudi kwenye omutibo. Nilimpigia baba mdogo kwa video, nikaegemeza simu kwenye kikombe, nikampigia wimbo mmoja wa Mukabi kutoka mwanzo hadi mwisho, nikiamini nimeiva. Alisikiliza amekunja uso. Akasema shahada si mbaya, lakini gumba ni la Wamarekani: linakanyaga mno, halichezi; mtu akicheza huo atavunjika nyonga. Akalichukua gita lake, lile lile la kalamu ya risasi, akanionyesha mara moja, upesi, bila kueleza. Sikushika alichofanya. Nikamwomba arudie.

"Mwanangu, uzi wa pili umekatika tangu Krismasi," akasema. "Nitarudiaje? Nitumie seti mbili, zile za chuma, nene. Si hizi nyembamba mnazopigia huko."